Bundi Asiyejua Kulia

26 Machi

Naandika kwa sababu nikiyasema haya kwa mdomo nitamchapa mtu, na kazini walishanionya: nikichapa mteja mwingine, wanachukua yunifomu yao. Mimi ni askari wa mlangoni kwenye supamaketi moja Kabalagala, hapa Kampala. Mchana kutwa napekua mikoba ya watu, jioni narudi Banda, nyuma ya chuo cha Kyambogo, kwa mama yangu Maimunah. Nimekaa naye tangu mume wangu alipogundua kwamba nyumba yake haitoshi watu wawili na hasira zangu.

Masika yameingia leo. Mvua imepiga mabati tangu adhuhuri hata Mama hakusikia adhana ya magharibi, akaswali kwa kutazama saa. Alipotoa salamu tu, mvua ikakatika, na huko nyuma, upande wa tangi la maji, bundi akalia. Hu-hu, hu-hu, huu-huuu. Mama alibaki na tasbihi mkononi, vidole vimesimama.

"Ni ndege tu, Mama," nikamwambia.

"Nimesikia."

Hakula chakula cha jioni. Alisema ameshiba, na mimi ndiye niliyepika, najua hakuonja.

27 Machi

Mvua. Bundi tena, baada ya magharibi.

29 Machi

Kidega amekuja na mkewe Sharifah. Huyu ndugu yangu, mdogo wangu wa pekee, anauza spea za magari Mengo. Hata Idi juzi hakuja, alituma salamu kwa simu kama waziri. Leo kaja na mkate, sukari na maneno laini, nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe ni bwana mmoja anaitwa Owino. Anataka kujenga hosteli ya wanafunzi wa chuo, na uwanja wetu ndio umemkaa rohoni.

"Mama, hii nyumba imechoka," Kidega akasema. "Bati zimeoza, choo kinajaa maji. Njoo ukae kwetu Kira, watoto wakuone."

"Watoto wanijue leo?" Mama akamjibu. "Baba yenu alitoka polisi akaijenga hii nyumba kwa mikono yake, tofali kwa tofali. Mimi nitatolewa hapa nikiwa nimebebwa."

Sharifah alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti. Akasema, "Lakini Maama, tumesikia muko na bundi. Kwetu ekiwuugulu ikilia kwa nyumba si bule. Kuna mtu inamwita. Banange, mimi siwezi lala hapa hata siku moja."

"Inamwita nani?" nikamuuliza. "Mimi au wewe?"

Kidega akanikanyaga chini ya meza. Wakakaa mpaka giza likaanza, na leo bundi hakulia. Pengine sauti ya Sharifah ilimkimbiza. Mwanamke yule simpendi. Naona mkono wake katika haya maneno ya kuuza, maana Kidega mwenyewe tangu utoto hana akili ya kupanga jambo likafika mwisho.

2 Aprili

Mama amemaliza funga ya sita, zile siku sita za baada ya Idi. Alifungua kwa maji na tende moja. Bundi alilia tende ikiwa bado mdomoni.

6 Aprili

Mama ameacha kusuka. Kwa watu wasiotujua: mama yangu ni Mnubi, na Wanubi ndio wanaosuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangirangi ambavyo kila bibi harusi wa Kinubi lazima awe navyo. Tangu nizaliwe sijamwona Mama akikaa bila ukili mkononi. Baba alikuwa Mwacholi na Mkatoliki, Sajini Obwona. Alikwenda misa yake Jumapili, na siku ya Idi alimngoja Mama nje ya msikiti kashika viatu vyake, na wenzake kwenye baraksi ya polisi ya Naguru walimcheka mpaka wakachoka. Alipokufa tulimzika kwao Kitgum. Mama akarudi hapa, akasuka.

Sasa ukili umekauka kwenye beseni. Leo nimerudi kazini nimemkuta amefungua sanduku, ametoa sanda aliyoinunua siku nyingi, ameianika kwenye kiti.

"Unafanya nini, Mama?"

"Inanuka unyevu. Masika haya yataiozesha."

Nilikwenda jikoni nikalia. Nasema wazi, nililia, mimi ninayewatoa walevi Kabalagala kwa ukosi. Majirani nao wameanza. Mwanamke wa nyumba ya pili, aliyekuwa akija kila asubuhi kuomba moto na kupiga umbea, sasa anapita upande wa pili wa njia. Amewaambia watu nyumba yetu imetajwa.

7 Aprili

Kidega kapiga simu. "Mama yuko aje? Anakula?" Nikamwambia hali. Akasema, "Unaona sasa, dada. Tumtoe hapo." Nilimshukuru. Mungu anisamehe, nilimshukuru.

10 Aprili

Nimerusha mawe kwenye giza kule nyuma. Nimevunja dirisha la choo chetu wenyewe.

Mama kutoka chumbani: "Akot, umempata?"

"Bado."

"Basi acha. Utamuumiza."

Mtu anaitiwa kifo naye anamwonea huruma anayemwita! Nimelala na hasira.

13 Aprili

Jumapili, sikwenda kazini. Nimezunguka nyuma ya tangi mchana mkavu ulipopatikana. Ule mvule mkubwa uliokuwa pale, wenye bundi wa kweli wa miaka yote, ulikatwa mwaka jana kupisha nyaya za umeme. Sasa pana kichaka cha mgagani na ukuta wa chuo. Nikajiuliza huyu ndege analala wapi. Sikuona unyoya, sikuona kinyesi. Niliona viatu. Kwenye tope, nyayo za mtu mzima aliyesimama pale mara nyingi, zimeelekea dirisha la Mama.

Mwizi. Anatusoma, anajua saa anayoswali mama mzee. Wezi wa siku hizi wana ishara zao. Mmoja huigiza ndege, mwenzake anaruka ukuta. Basi amekuja kwa askari. Nimeomba ruhusa ya kutoka mapema Jumatano.

16 Aprili

Nitaandika yote.

Nilifika kabla ya magharibi, sikuingia ndani. Nilikaa kwenye kichaka, rungu la kazini mapajani, manyunyu yananiingia shingoni. Adhana ikaisha. Nikamsikia mtu akipita kwenye pengo la ukuta, taratibu, kama mtu anayeijua njia. Akasimama nyuma ya tangi. Dirishani Mama aliwasha taa, kivuli chake kikainama, kikasujudu. Yule mtu alingoja. Alimngoja Mama atoe salamu! Kisha akakusanya viganja vyake pamoja, akaweka midomo kwenye vidole gumba, akapuliza.

Hu-hu, hu-hu, huu-huuu.

Nilikuwa nimeshanyanyua rungu. Lakini ile namna ya kukusanya viganja, kidole kidogo cha kushoto kimenyooka kwa sababu kilivunjika kwenye mpira akiwa shule ya msingi, niliijua kabla sijauona uso. Baraksi nzima tulipuliza viganja utotoni, na hakuna aliyemfikia. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Kidega."

Aliruka. Nikamkamata shati, nikambana kwenye tangi.

"Dada, ngoja. Ngoja nikueleze."

"Eleza."

"Punguza sauti, Mama atasikia."

"Sasa ndiyo unaogopa Mama asikie?"

Akaanza kulia, kulia kwa kweli. Akasema Owino atatafuta uwanja mwingine akicheleweshwa. Akasema Mama hawezi kukaa kwenye nyumba inayovuja akafa peke yake, mimi nikiwa zamu. Akasema alitaka tu aichoke nyumba mwenyewe, aondoke kwa hiari yake, asiseme alifukuzwa na mtoto.

"Ametoa sanda, Kidega. Ameianika sebuleni."

"Sikujua."

"Nilikwambia hali yake kwenye simu. Ukaniambia unaona sasa."

Nikamuuliza, "Sharifah ndiye kakutuma?"

"Sharifah hajui kitu. Anadhani niko dukani." Kisha akanishika mkono, akasema neno ambalo sitamsamehe nalo. "Dada, ukimwambia Mama kwamba ni mimi, huyo bundi atakuwa amesema kweli. Mama hataweza kulimeza. Wewe ndiye utakayekuwa umemuua."

Nilimpiga kofi moja. Lilisikika mpaka ndani, maana Mama aliita, "Akot, ni nini huko?"

"Mbu," nikasema.

Ameapa hatarudi. Nimemwachia. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Hawakusema kwamba ukishakipata hujui ukitupe wapi.

17 Aprili

Kimya. Mvua tu.

18 Aprili

Kimya.

21 Aprili

Nilidhani Mama atapona. Ndiyo kwanza anazidi. Baada ya magharibi anachukua kigoda, anakaa mlango wa nyuma, baridi inampiga, anatazama giza.

"Leo hajalia," anasema.

"Ameondoka, Mama. Alhamdulillahi."

"Labda ana homa. Mvua hii."

"Nani?"

Nimemfunika shuka la pili, amelivua.

23 Aprili

Kaniuliza mara mbili: "Kidega mzima? Mpigie." Nikampigia. Alipokea, akasema ana kazi nyingi, atakuja mwisho wa mwezi. Mama alichukua simu ikiwa imeshakatwa, akaishika sikioni.

25 Aprili

Nimesema. Nimeshindwa.

Alikuwa kwenye kigoda chake tena, uji umepoa pembeni. Nilipiga magoti nikamshika miguu, ilikuwa ya baridi. Nikasema, "Mama, huyo unayemngoja si bundi. Usife kwa ajili yake. Alikuwa mtu."

"Najua."

"Ni Kidega, Mama."

"Najua, Akot. Nilijua siku ya kwanza."

Nilikaa chini kwenye maji.

Akaniambia, "Bundi wa mvule ule nimemsikia miaka yote. Dume anasema mara mbili tu: fupi moja, ndefu moja, ananyamaza mpaka jike amjibu. Umewahi kumsikia bundi anayesema hu-hu, hu-hu, huu-huuu?"

"Lakini Mama, ndivyo bundi analia."

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu masika yaingie akacheka. Si kicheko cha raha.

"Ndivyo mimi nilivyowafundisha. Baba yenu alikuwa lindo, bundi analia juu ya paa la baraksi, Kidega anakojoa kitandani kwa hofu. Majirani wanasema huyo anaita maiti. Nikamwambia, hapana, sikiliza vizuri, anasema: Lala, lala, yupo. Baba yupo, analinda. Lala, lala, yuu-poo. Nikampulizia hivyo kwenye viganja mpaka akalala. Nawe ulikuwa ubavuni. Hakuna ndege duniani anayelia hivyo. Ni maneno yangu."

Lahaula. Mimi nilimsikia jioni zote zile nikaona sawa, kwa sababu bundi nilimjua kwa kinywa cha mama yangu. Na Kidega naye! Alikuja kumtisha mama kwa sauti ya mauti, akamwimbia alichoimbiwa. Hajui nyingine. Sisi wawili ndio watu pekee katika Kampala nzima ambao tungekosea hivyo.

"Sasa kwa nini uliugua?" nikamuuliza. "Kama ulijua, sanda ya nini?"

"Ungekuwa na mtoto ungeniuliza?" Kisha akaona amenichoma, akanishika kichwa. "Niliugua kwa kumsikia. Nilijua anataka nini. Lakini Akot, tangu aoe, huyu mtoto amekuja hapa mara ngapi? Masika haya amekuja kila magharibi. Hakuingia ndani, sawa. Lakini alikuja, akasimama pale akanitazama nikiswali. Nikasema moyoni, siku moja atachoka na mvua, atabisha hodi."

Mimi ndiye niliyemkomesha.

28 Aprili

Zamu mbili mfululizo. Nimemtoa nje kijana mmoja kwa kosa ambalo hakufanya.

4 Mei

Mwisho wa mwezi umepita. Kidega hajaja. Mvua imeingia sebuleni, tumeweka sufuria tatu na beseni la ukili.

9 Mei

Mama kaniamuru nimpigie Kidega. "Mwambie alete karatasi zake na huyo Owino."

Nilipiga kelele mpaka jirani asiyetusalimia akatoka nje kusikiliza. Nikamwambia asimzawadie mwizi. Nikamwambia nyumba ni jasho la Baba. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Nataka nimuulize kitu kimoja. Akinijibu vizuri, hata nyumba hatauza, mimi namjua. Akinijibu vibaya, basi."

"Basi nini?"

"Mpigie."

Kidega alipokea mlio wa kwanza. Kwa karatasi, alipokea mlio wa kwanza.

16 Mei

Wamekuja saa nne asubuhi. Owino, mtu mpole wa tai, kaja na mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Kidega kaja kanyoa. Sharifah kaja na sufuria ya pilau aliyoipika mwenyewe usiku, na aliponiona macho mekundu akaninong'oneza, "Pole, dada. Mimi nilimwambia amwache Maama akae kwake." Nilimtazama nikaona nimemchukia bure mwezi mzima. Alikuwa mwoga wa bundi tu, basi.

Wakatandaza karatasi mezani. Mwenyekiti akafungua kidau cha wino. Mama alikuwa amevaa gomesi yake ya kijani. Akaweka mkono mezani, kisha akauvuta.

"Kidega mwanangu. Kabla sijapiga dole, nililie bundi."

Owino alitabasamu, akidhani ni utani wa wazee.

"Nini, Mama?" Kidega akasema.

"Kusanya viganja, unililie kama bundi. Nimetamani kumsikia."

Alinitazama mimi, nami nilimtazama vilevile. Ningeweza kumsaidia kwa kichwa tu, kwa nyusi. Sikufanya. Nilitaka alifikie mwenyewe.

"Mama, mimi sijui kulia kama bundi."

Sharifah akacheka. "Wewe? Si unawalilia watoto kila usiku walale? Hata mimi nimeshaijua. Lala, lala..."

"Sharifah, nyamaza!" Kisha kwa Mama, taratibu, kama anaongea na mteja: "Mama, sijui. Sijawahi kujua."

Mama alimtazama kwa muda, uso wake wote, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni. Sikumwona akikasirika. Ningefurahi angekasirika.

"Sawa," akasema. "Basi nimekosea mimi. Nyumba nilikuwa namwekea mtu mwingine."

Akachovya dole akapiga. Akageuza ukurasa akapiga tena. Mkono wa Kidega uliokuwa umeshika karatasi ulikuwa unaruka, na Mama akauwekea kiganja chake juu ili karatasi itulie. Walipotaka sahihi yangu nilikataa, nikatoka nje. Mwenyekiti alisema haikuwa lazima.

17 Mei

Sharifah kapiga simu akilia. Ameshajua yote; Kidega kamwambia njiani. Anauliza afanye nini. Nikamwambia sijui, na ni kweli sijui.

24 Mei

Tumehama. Kidega aliandaa chumba Kira, kapaka rangi, kanunua kitanda. Mama alimwambia asante, akapanda gari la mizigo pamoja nami. Tumepanga chumba na sebule Kabalagala, nyuma ya baa mbili. Muziki unaanza jioni na Mama anaswali humohumo. Ameanza kusuka tena. Nilimuuliza kama anaijutia nyumba, akasema nimletee ukili mwekundu, mweusi umekuwa mwingi.

30 Mei

Mvua zimepungua. Jua lilitoka mchana kutwa, nimefua.

Jioni simu ya Mama imelia nikiwa namenya matoke. Aliipokea mwenyewe, akaweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na ukili. Nikasikia kila kitu.

"Mama? Mama, ni mimi. Nataka kuja. Niko hapa barabarani, niambie mlango gani. Mama, ni mimi, Kidega."

Mama alikaza mshono, akakata uzi kwa meno. Kisha akajibu kwa adabu ile anayowajibu watu wasiomjua.

"Umekosea namba, bwana. Pole."